Matanga ya Mtu Aliye Hai

Watu wakiniuliza kazi yangu hapa Louisville, nasema naangalia wazee. Nikisema naogesha wazee, wanakunja uso, kana kwamba wao watakufa wakiwa bado na nguvu za kujisugua mgongo. Kabla ya hapo nilikuwa napanga maboksi kwenye maghala ya Jeffersontown, mpaka mgongo ukagoma. Huku kwa wazee mgongo unaniuma vilevile, ila mzee anaongea na boksi haliongei. Nilipochoka zaidi ndipo nilipojua tofauti hiyo si ndogo.

Mzee ninayetaka kueleza habari zake alikuwa anakaa Shively, mwendo mfupi kutoka kwangu, kwenye nyumba ya vyumba viwili iliyojaa kofia. Siku ya kwanza nilipofungua mlango na kumwona, nilisahau hata salamu. Nilikuwa namjua. Nilimjua tangu nikiwa msichana kwenye kambi ya wakimbizi Tanzania, kwenye banda la video lililoezekwa turubai, ambapo kijana mmoja alikuwa akisimama mbele na kipaza sauti, anatafsiri filamu kwa Kiswahili na kutia chumvi kila palipofaa. Mzee huyu alikuwa mfalme wa Kiafrika kwenye filamu mojawapo. Mtafsiri alimpa sauti nzito ya watu wetu wa milimani Kivu, na sisi tulikuwa tunapiga makofi kila akitokea, tukiamini ni mtu wetu.

Kumbe hakuwahi kukanyaga Afrika. Alizaliwa kwenye kimojawapo cha visiwa vya Karibiani, mtoto wa mama fundi cherehani, baba hakujulikana. Nilimuuliza ile lugha aliyokuwa anaongea kwenye filamu ilikuwa ya kabila gani. Akasema, "Ya yule aliyeandika filamu." Kisha akacheka mpaka akakohoa, na kukohoa kwenyewe kukachukua asubuhi nzima.

Maisha yake alinipa vipande vipande, nikiwa namwosha, kwa sababu mtu akiwa uchi kwenye beseni hana cha kuficha tena. Kisiwani kwao walikuwa wanachukua mapipa ya mafuta yaliyotupwa, wanayakata, wanayagonga nyundo mpaka yanatoa sauti kama kinanda. Alijifunzia hapo, uani kwa jirani. Akiwa kijana alichukuliwa na bendi iliyokwenda kupiga hotelini Buffalo, mji ambao alisema theluji yake iliingia kwenye viatu vyake na haijatoka hadi leo. Bendi ikavunjika, yeye akabaki. Alipiga kwenye baa, akaimba kwenye harusi za watu asiowajua, akaoa muuguzi, wakazaa binti mmoja.

Halafu akatokea mtu wa michezo ya jukwaani kutoka Columbus, anatafuta mtu mweusi mwenye lafudhi. Lafudhi yoyote. Mzee akamwambia mke wake anakwenda kwa majira ya baridi tu. Akakaa Columbus miaka, anacheza jukwaani karibu na chuo kikuu, na kutoka hapo filamu zikamchukua. Alikuwa mfalme, mganga, jenerali, mpagazi, tena mfalme. Alikuwa anakufa mapema ili mzungu apate sababu ya kukasirika. Kati ya filamu na filamu alikuwa anarudi Buffalo na zawadi, anaimba sebuleni kwake, anaondoka. Mwishowe akaacha kurudi. Mke wake alipofariki, hakwenda kumzika.

Hapo niliacha kumsugua. Kwetu mwanaume anaweza kufanya mengi na watu wakamezea. Kutozika mke wako hakumezeki. Nilikasirika, nikamvisha soksi kwa nguvu kidogo, na yeye alielewa kwa nini.

Uvimbe wa koo ulionekana baadaye, wakati wa baridi. Sauti ikaanza kukwaruza, ikawa kama mlango unaohitaji mafuta. Daktari alisema wataondoa kisanduku cha sauti chote, Jumatatu iliyofuata. Mzee atapona, atakula, atatembea, ila hatasema tena. Nilikuwepo daktari alipolieleza hilo, nami ndimi niliyeshika kofia yake. Mzee hakuuliza habari ya maumivu wala ya kufa. Aliuliza kama anaweza kumpata binti yake kabla ya Jumatatu.

Binti hakuwa anapokea simu yake. Hakupokea kwa miaka. Mzee alipiga mbele yangu, simu ikaita, ikakatika. Akapiga tena. Mtu aliyekuwa anajaza kumbi alikuwa amekaa pembeni ya kitanda anaongea na mashine inayosema acha ujumbe, na hakuacha, maana hakujua aseme nini. "Mimi siku zote nimesema yaliyoandikwa," akaniambia.

Nilikuwa nimechoka hoi. Nilikuwa na mzee mwingine baada yake, na nyumbani watoto, na mume anayefanya kazi usiku. Lakini baba yangu alizikwa milimani na mikono ya watu wengine, nami sikusikia sauti yake ya mwisho. Sikuweza kuvaa koti na kuondoka tu.

Nilikuwa nimeshamsikia mzee akisema kwamba binti yake ameolewa na "mmoja wenu". Nilipoulizia, ikawa kweli: mwanaume wa Uvira, anafanya kazi kiwandani Buffalo, na anasali kwenye kanisa la watu wetu. Wakongo wa Marekani ukimtafuta mmoja, unapiga simu mbili, ya tatu anapokea yeye mwenyewe au shangazi yake. Mimi nilimpata mke wa mchungaji wao. Nikamwambia Ijumaa mchana: mama, nenda kwa yule binti, mwambie baba yake ni mgonjwa, anaomba aje Louisville kabla ya Jumatatu. Akasema sawa. Nikalala nikiwa na amani, jambo ambalo halinitokei mara kwa mara.

Jumamosi asubuhi binti yangu alinitikisa. Akaniambia kwa Kiingereza, kama kawaida yake, kwamba mlangoni kuna watu wengi na wote wamevaa vitenge. Nikatoka na kilemba kimekaa upande. Walikuwa akina mama wa kanisa letu, wamebeba sufuria ya maharage, nyingine ya sombe, yale majani ya muhogo, na mmoja ameshika viti vya kukunja. Mkubwa wao akanikumbatia, akaanza kulia begani kwangu.

"Pole sana, mama. Tulisikia mzee wako alishakufa."

"Mzee gani?"

"Ule wa Shively. Habari ilitoka Buffalo. Benyewe banafanya matanga tangu jana."

Nikawaambia nilimwogesha jana saa nane na alikuwa anabishana nami kuhusu chumvi. Wakatazamana. Naapa niliona wengine wamevunjika moyo kidogo, maana maharage yalikuwa yameshaiva. Nikampigia mzee hapohapo, akapokea kwa ile sauti yake ya mlango, akauliza kwa nini naamsha watu Jumamosi. Wakaomba wamsikie wote kwa zamu. Ndipo nikampigia mke wa mchungaji.

"Mama, mulisema nini kwa batu?"

"Usitukasirikie, mama. Bon, ulisema tuende, tukaenda. Ulitaka niende mimi moja, kama mwizi? Tulienda na pasta na bamama ba kwaya. Tulikaa chini, pasta akasema mzee iko mgonjwa sana, anaomba binti akuje. Hata hajamaliza, bwana yake anaanza kulia. Bibi naye anaanguka chini. Sisi tukasema, eh, pengine bamepata habari kwa simu, pengine alikufa kweli. Donc tukalia nabo."

Nikakaa kwenye kimojawapo cha vile viti vya kukunja. Niseme hapa jambo ambalo mtu wa nje hawezi kulijua. Kwetu mtu hapewi habari ya kifo kwa simu, na hapewi na mtu mmoja. Watu wanakuja kundi, wamevaa vizuri, wanaketi, wanashusha macho, wanasema fulani ni mgonjwa, ujiandae uende. Mimi habari ya baba yangu niliipata hivyo, na nilijua kabla hawajafungua mdomo, kwa jinsi walivyokataa maji ya kunywa. Sasa hawa wa Buffalo walikwenda na ujumbe wa ugonjwa, lakini walikwenda kwa miguu ya msiba. Yule mwanaume wa Uvira hakuhitaji kusubiri maneno. Na mke wake, aliyezaliwa Buffalo, amekaa nasi miaka ya kutosha. Alishuhudia kifo cha mama mkwe wake kikitangazwa hivyohivyo, sebuleni kwake mwenyewe.

Nikampigia yule mume. Nilimwita shemeji ingawa hatukuwahi kuonana. Alikuwa Columbus tayari, kwa mdogo wake anayesoma chuo kikuu pale, wamesimama kula ndipo waendelee kuja kuzika. Nikamwambia shemeji, keti. Nikamwambia mzee yuko hai. Akaanza kucheka na kulia kwa pamoja, na nikasikia sauti ya mwanamke ikiuliza kwa Kiingereza kuna nini.

Alipochukua simu, mwanamke huyo hakunisalimu. Alinisikiliza mpaka mwisho, nikaeleza uvimbe, nikaeleza Jumatatu. Akasema kwa utulivu, na utulivu ule ulinitisha kuliko kelele:

"Nimemlilia jana usiku kucha. Nilimsamehe, kwa sababu alikuwa amekufa. Sasa unaniambia yuko hai, anasubiri nimfuate. Mimi nilikuwa nakuja kuzika. Kwenda kumsalimia sikukubali, na bado sikubali."

Akarudisha simu kwa mumewe. Nilimsikia akisema wageuze gari, warudi Buffalo. Nikamwambia yule mwanaume kwa haraka, shemeji, umshikilie hapo. Akasema, "Mdogo wangu bado iko anapika. Sisi hatuondoki kwa nyumba ya mutu na njaa. Lakini, dada, ukuje mbio."

Sheria ya kazi yangu hairuhusu kumpeleka mgonjwa nje ya mji. Ningeweza kufukuzwa. Nilifikiria jambo hilo nikiwa tayari navaa viatu. Akina mama wakanifungia maharage kwenye bakuli, maana kwao hakuna safari isiyo na chakula, na nikaenda Shively kumchukua.

Sikujua nimwambieje kwamba alikuwa amekufa. Nikamwambia hivyohivyo, tukiwa barabarani. Akauliza, "Alilia?" Nikasema alianguka chini. Akageukia dirishani mpaka tulipovuka mto kuingia Ohio. Alikuwa amevaa suti ya kijivu na kofia nzuri kuliko zote. Mimi nilikuwa nasinzia na macho wazi. Nikafungua dirisha baridi ipige uso, yeye akakohoa, nikalifunga, nikajifinya paja. Ndivyo tulivyofika, hivyohivyo, dirisha na paja.

Njiani alinieleza atakavyofanya. Ataingia, atavua kofia, ataimba wimbo aliokuwa anamwimbia binti yake akiwa mdogo. Aliujaribu kidogo. Haukutoka.

Nyumba yenyewe ilikuwa mtaa wa wanafunzi, karibu na chuo, nyumba ya matofali yenye makochi barazani na ngazi za mbao zilizolegea. Mzee alipanda kwa kupumzika. Mwanaume wa Uvira alitufungulia. Alipomwona, aliinama, akamshika mikono yote miwili kama tunavyowashika wakwe, akasema, "Karibu, papa," na machozi yakamtoka tena mtu wa watu. Mdogo wake, mwanafunzi, alikuwa amesimama na mwiko mkononi.

Binti alikuwa ameketi mezani, amevaa nguo nyeusi za msiba. Hakuwa na nyingine. Hakuna anayebeba nguo za rangi kwenda kuzika. Alikuwa na paji la uso la mzee, lilelile pana, na hakulificha. Akamtazama kuanzia kofia mpaka viatu.

Mzee akavua kofia. Akanyoosha mkono, akainua kidevu, nikamwona yule mfalme anapanda juu kutoka tumboni, na ile sauti kubwa, au mabaki yake, ikaanza: "Binti yangu mpendwa..."

"Hapana," binti akasema. "Sauti hiyo ni ya watu wote. Keti."

Akaketi. Mwanafunzi, kijana mwema, akatoa simu yake na kusema kwa upole kwamba anaweza kurekodi, kama ni mara ya mwisho. Binti akamgeukia.

"Nina rekodi zake tangu nikiwa mtoto. Mama alikuwa anaweka santuri ulizoimba kila Jumapili, tunakula huku zikizunguka. Weka simu mfukoni, shemeji." Kisha akamgeukia baba yake. "Tulipomzika mama, ulikuwa wapi?"

Nilitaka kutoka nje, lakini mlango ulikuwa nyuma yake. Mzee alishika kofia yake kwa mikono miwili. Alipoanza kusema nilishtuka, maana sikuwahi kuisikia ile sauti. Haikuwa ya filamu wala ile ya kuchekesha aliyonipa mimi bafuni. Ilikuwa laini, inapanda na kushuka, inameza mwisho wa maneno, na mwanzoni nilikosa baadhi. Nadhani ndivyo walivyokuwa wanaongea uani kwa jirani, kisiwani. Aliificha maisha yake yote kwa sababu hakuna aliyemlipa kuitumia.

"Nilikuwa mji huuhuu," akasema. "Waliniambia asubuhi. Jioni nilipanda jukwaani. Nilijiambia kwamba nikiondoka watampa mwingine nafasi yangu. Ni uongo, wangeningoja. Niliogopa kuja. Niliogopa kusimama kaburini na wewe unanitazama hivi."

"Hivi vipi?"

"Hivi unavyonitazama sasa."

Binti hakulia. Aliuliza tena. Kwa nini uliacha kuja kabla ya hapo? Akajibu. Mama alikuandikia, ulisoma? Akajibu. Kulikuwa na mwanamke mwingine? Akajibu na hilo, na jibu halikuwa zuri, na hakulipamba. Kila jibu lilitoka dogo kuliko lililotangulia. Sauti ilikuwa inaisha mbele yetu, tunaiona. Nilimwambia mzee apumzike, anywe maji, nikijisikia hasira, sijui kwa nani, pengine kwa Mungu. Akanifanyia ishara ya mkono ninyamaze. Binti akainuka, akajaza glasi maji ya bomba, akaiweka mbele yake, akaketi tena, lakini safari hii aliketi upande wa baba yake wa meza, kwa sababu kutoka ule mwingine hakuwa anasikia tena.

Sijui walisema nini baada ya hapo. Alikuwa ameweka sikio karibu na mdomo wa baba yake na mume wake alitupeleka jikoni, tukala maharage ya msiba yaliyopikwa Louisville, na nililia juu ya sahani yangu bila haya, kwa uchovu na kwa baba yangu. Yule mwanaume wa Uvira hakuniambia ninyamaze. Aliniongezea ugali.

Hatukusikia neno samehe. Nilisikiliza nilisikie, na halikutoka. Jioni binti aliingia jikoni macho yamemvimba, akaniuliza hospitali iko upande gani wa Louisville na kama karibu yake kuna duka la nguo, maana hawezi kukaa pale amevaa nyeusi. Wakatufuata na gari lao.

Jumatatu upasuaji ulichukua muda mrefu. Mimi nilikuwa kazini kwa mzee mwingine, nikafika jioni na mgongo umekufa ganzi. Binti alikuwa kando ya kitanda, na blauzi ya njano ambayo lebo yake ya dukani ilikuwa bado inaning'inia kwapani. Mzee alikuwa na bomba shingoni. Alipofumbua macho akamwona, mdomo ukafunguka. Midomo ikatembea, shingo ikakaza, akajaribu tena, na hakikutoka hata kikohozi. Niliona hofu inamjaa usoni, ile hofu ya mtu anayegundua kwamba sauti haipo tena.

Binti akamwekea mkono juu ya mdomo, taratibu.

"Usijisumbue, baba," akasema. "Nilishasikia."